Upande Mbovu wa Bao Langu

Vijana wangu wa patasi na mashine, kaeni kidogo. Nimechonga mabao maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kushinda mchezo hata mmoja juu ya bao nililolichonga mwenyewe. Nasema mapema ili asije mmoja wenu akafikiri anasoma maneno ya bingwa. Nimefungwa na wazee, nimefungwa na akina mama wenye mtoto mgongoni, nimefungwa na dereva wa lori la majani chai aliyekuwa anacheza huku anaongea na simu. Kama kufungwa kungekuwa na pensheni, leo ningekuwa na ghorofa pale Keroka.

Ninaandika kwa sababu ya swali lenu. Juzi nilipita Tabaka kuwasalimu, mkanipa jiwe nilishike ili mikono isisahau. Kabla sijaligusa kwa chuma nikalizunguka, nikachuchumaa upande wa pili, nikalitazama kutoka huko, kisha nikarudi nilipoanzia. Mkacheka sana. Mmoja wenu akaniita babu kwa Ekegusii, akauliza, "Sokoro, umepoteza nini huko nyuma?" Nikasema nitajibu siku nyingine, maana jibu ni refu na magoti yalikuwa yanauma. Hili ndilo jibu.

Niwaambie kwanza nilivyoingia kwenye mabao. Niliingia kwa kushindwa kuchonga kila kitu kingine. Mwalimu wangu, Mzee Sagwe, alikuwa fundi ambaye ukimpa jiwe asubuhi, jioni linakutazama kwa macho ya mnyama. Mimi nilianza na twiga. Shingo ikakatika. Nikachonga mwingine, shingo ikakatika. Kibanda chetu kikajaa miili ya twiga isiyo na vichwa, mpaka wanunuzi wakawa wanauliza kama hao ni ng'ombe wamelala. Nikahamia kiboko, nikidhani nimetoroka shida ya shingo. Siku moja mama mmoja mgeni akasimama mbele ya kiboko wangu, akampapasa mgongo, akasema anampenda sana huyu nguruwe. Nikafungua mdomo nimrekebishe. Mzee Sagwe akanikanyaga mguu, akasema, "Huyo nguruwe ni mzuri, mama. Amelishwa vizuri."

Yule mama alipoondoka na nguruwe wake, Mzee Sagwe aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, na kwa Kiswahili alisema taratibu zaidi, maana alipenda kukitumia akiwa anakaripia. "Makori," akasema, "wewe si mjinga. Mikono yako inajua kuchimba, lakini haijui kuacha. Tafuta kitu ambacho hakina shingo, hakina mguu, hakina uso." Nikamuuliza ni kitu gani hicho. Akanionyesha bao lililokuwa limewekewa mayai ya kuku pale mlangoni. Nikawa fundi wa mabao kuanzia siku hiyo.

Sasa, kwa sababu najua mtaniuliza habari za kazi yenyewe, nitasema kidogo. Jiwe la bao msichague kwa rangi. Chagueni kwa sikio. Ligonge kwa mpini wa patasi, usigonge kwa chuma, na usikilize. Likilia kavu na fupi, lina ufa ndani hata kama hauuoni. Limwagie maji halafu subiri. Palipo na ufa panabaki na unyevu baada ya pengine kukauka, mstari mwembamba kama unywele. Mimi nilikuwa sina subira ya kungoja likauke. Ndiyo maana kuna bao moja liligawanyika katikati nikiwa nachimba shimo la mwisho kabisa, nikabaki na mabao mawili madogo ambayo nilimwambia mteja ni ya kusafiri nayo.

Na shimo la bao si shimo tu. Vijana wa siku hizi naona mnachimba kwa mashine, shimo linatoka wima kuta zake, sakafu yake bapa. Kwa macho linapendeza. Lakini mchezaji anachota kete kwa vidole vitatu bila kuangalia, na akifika kwenye kona ya shimo lako, kete moja inabaki. Anaporudisha mkono kuitafuta, mwenzake anasema ameiba, na hapo urafiki umekwisha. Chini ya shimo pawe pa mviringo kama kiganja kilichokunjwa kupokea maji. Ukimaliza, funga macho, tia kete, uzichote mara moja. Moja ikibaki, rudi na msasa. Na vumbi, jamani, vumbi. Lowesheni jiwe, fungeni pua. Kikohozi changu mnakisikia hata bila mimi kukitaja.

Mabao yale niliyoyajua mimi yalikuwa ya safu mbili, yale wanayocheza majirani zetu Wajaluo, na hata sisi tukiwa wadogo tuliyachimba ardhini tukichunga ng'ombe. Mashimo yote yanafanana. Hakuna la mbele wala la nyuma, hakuna lenye cheo. Kwa hiyo fundi anaweza kukaa upande mmoja tu wa jiwe, akanyoosha mkono, akachimba yote bila kuondoka kwenye kigoda chake. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka na miaka, na nilijiona mwerevu. Nilipohamia Keroka kufungua kibanda changu kando ya barabara, nililiweka jiwe karibu na ukingo wa nyasi za ng'ombe. Upande wa pili pakabaki nafasi ya mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa mke wangu, Nyaboke.

Nyaboke ndiye aliyekuwa akisugua. Mnajua kazi hiyo ilivyo, beseni la maji, msasa mkali kwanza, halafu wa katikati, halafu ule laini, mpaka vidole vinakunjamana. Na ndiye aliyekuwa akijaribu mabao yote kabla hayajauzwa, kwa kucheza na mimi. Alinifunga kwenye kila bao lililowahi kutoka kwenye kibanda kile. Wateja walidhani tunapima ubora. Siku moja mzee wa kanisa letu alitukuta tunacheza, akakunja uso akauliza kama hii si kamari. Nyaboke akamjibu bila kuinua macho, "Kamari ni pale ambapo mtu hajui nani atashinda." Mzee wa kanisa akaondoka, na Sabato iliyofuata hakunisalimia. Nyaboke alisalimiwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Mzee Twalibu aliposhuka kwenye pikapu mbele ya kibanda changu.

Mzee Twalibu alikuwa na duka la viungo na leso Kisii mjini, karibu na msikiti. Babu yake alikuja kutoka pwani na misafara ya biashara, akaoa huku, na watoto wakazaliwa wanaongea Ekegusii kuliko mimi. Pamoja na bizari na vitambaa, babu huyo alileta bao la mbao, la safu nne, lile wenyewe wanaloliita bao la Kiswahili. Kwenye kibaraza cha duka hilo wazee walikuwa wamelicheza tangu Mzee Twalibu akiwa mtoto. Lakini ardhi yetu hii ina mchwa. Likaliwa mguu, likaliwa pembe, na asubuhi moja Mzee aliliinua na mkononi akabaki na unga.

"Wazee wangu wametawanyika," akaniambia. "Wiki ya kwanza walikuja wakakaa tu. Wiki ya pili wakaja wawili. Sasa hakuna anayekuja. Mtu mzima hawezi kutoka nyumbani kwake aje kunitazama mimi nikipima pilipili. Nataka bao la jiwe, Bwana Makori. Mchwa wajaribu hilo."

Nikamwambia amefika. Akanieleza bao lenyewe kwa makini, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa mtoto wake. Safu nne, kila safu mashimo manane. Safu mbili ni zako, mbili ni za mwenzako. Na katika ile safu yako ya ndani, inayomtazama mwenzako, kuna shimo moja lenye cheo, linaitwa nyumba. Halichimbwi la mviringo, linachimbwa la mraba ili lijulikane. Hapo ndipo kete nyingi za kuanzia hukaa, na mchezo mzima unaweza kugeuka kwa sababu ya nyumba. "Kila mtu," akasema, "nyumba yake iwe ya tano kutoka mkono wake wa kushoto. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mnaijua ile ya kutikisa kichwa ambayo mtu huitikisa ili mwenzake anyamaze? Ndiyo hiyo.

Jiwe zuri la ukubwa ule, lisilo na ufa, lilichukua muda kupatikana. Lilipofika kutoka Tabaka tulikuwa tumebanwa. Pikapu ya Mzee ingekuja kulichukua Ijumaa baada ya swala yao. Mimi nami ni Msabato, na Ijumaa jua likizama sishiki patasi. Kwa hiyo ile Ijumaa asubuhi ilikuwa imebanwa na dini mbili. Mashimo ya mviringo yalikuwa tayari. Zilibaki zile nyumba mbili za mraba. Nyaboke alikuwa amekaa upande wake wa nyasi na beseni lake, anasugua safu za upande ule huku nachimba upande wangu. Nikahesabu kutoka mkono wangu wa kushoto, la tano, nikachimba mraba safi kabisa. Kisha nikanyoosha mkono, nikachimba la pili katika safu ya mbele yake, sawasawa likitazamana na la kwanza. Zilipendeza zilivyokabiliana. Nikaziona kama milango miwili ya majirani wema.

Wale wanaojua bao wameshaanza kucheka. Wasiojua, fanyeni hivi: kaeni wawili mkitazamana, kila mmoja ainue mkono wake wa kushoto. Mikono hiyo haiko upande mmoja. La tano langu kutoka kushoto haliwezi kutazamana na la tano la mwenzangu. Kwa kukaa kwenye kigoda changu, nilimpa mchezaji wa upande wa pili nyumba iliyohesabiwa kwa mkono wangu mimi.

Tulilipakia nikasindikiza. Nilitaka kuona nyuso zao, na nisidanganye, nilitaka kusifiwa. Kibaraza kilikuwa kimejaa. Habari zilikuwa zimeenda kwamba bao linakuja, na wazee wote waliotawanyika walikuwa wamerudi na kanzu zao safi za Ijumaa. Tukaliweka juu ya mkeka. Watu wakalipapasa. Mwanaisha, binti wa Mzee Twalibu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, akanipa chai ya tangawizi. Nilikunywa nikiwa nimenyoosha mgongo.

Mzee akakaa upande mmoja akapanga kete. Upande wa pili akakaa Kombo, fundi wa cherehani aliyekuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake. Kombo akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akainama akatazama chini ya bao kama vile kitu kimeangukia huko. Halafu akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Fundi, nyumba yangu umempa nani?"

Sikuelewa. Wakanieleza. Nikaelewa kidogo, wakanieleza tena, nikaelewa zaidi ya nilivyotaka. Kibaraza kizima kilicheka mpaka mtu mmoja akashikilia nguzo. Nikasema nitachonga lingine. Nikasema nitalirudisha hili leo hii. Nilisikia aibu kweli, vijana, ile ya masikio kuwaka moto, kwa sababu niliona wazee kadhaa wameanza kuinuka na kutafuta viatu. Walikuwa wamekuja kucheza, na mimi nimewaletea jiwe la kuanikia nguo.

Mzee Twalibu ndiye hakucheka. Alinyoosha mkono akasema, "Kaeni." Wakakaa. Akamwambia Kombo, "Njoo huku kwangu, kwenye upande mzuri." Yeye mwenyewe akainuka, akazunguka bao, akakaa upande mbovu. "Mgeni hawezi kukalishwa mahali pabaya," akasema. "Hapa ni kwangu, mimi nitakaa na ubaya huu." Akapanga kete zake za kuanzia katika shimo la tano kutoka kushoto kwake, shimo la mviringo, bila kuutazama ule mraba wa jirani uliokuwa ukimdanganya. Akamfunga Kombo. Nikawahi gari la mwisho kabla jua halijazama, nikafika nyumbani nikamweleza Nyaboke yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikausha mikono. "Ungeniuliza," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimekaa upande ule. Ungeniuliza tu mkono wangu wa kushoto uko wapi."

Nilijaribu kurekebisha, msinidhanie mvivu. Nilirudi na unga wa jiwe na gundi, nikaziba pembe za ule mraba mpaka ukawa wa mviringo, nikausugua, ukapendeza. Ulikaa vizuri kwa muda. Halafu siku moja Kombo akapata kete za kula, akazipigilia kwa furaha, na pembe moja ya gundi ikaruka ikatua kwenye kikombe cha Mzee Twalibu. Mzee akaitoa kwa kijiko, akaiweka kando, akasema, "Acha, Makori. Tumeshazoea." Nikasema basi nitaleta bao jipya. Wakatazamana. Kombo akasema, "Lete uwauzie watu wengine."

Kumbe desturi ilikuwa imeshazaliwa. Upande mzuri ukawa wa mgeni, upande mbovu ukawa wa mwenyeji. Na kwa sababu upande ule unataka mtu anayeijua nyumba yake bila kuonyeshwa, hawakumkalisha yeyote tu. Mtu akija barazani kwa mara ya kwanza anakaa upande mzuri. Anacheza, anafungwa, anakunywa chai. Siku moja Mzee Twalibu anamwambia, "Leo hamia kule," na kuanzia hapo yeye si mgeni tena. Anaweza kupokea watu, anaweza kukaripia, anaweza hata kuingia dukani kujichotea sukari.

Hapo ndipo nilipopata tamaa ambayo sikuwahi kuwaambia mafundi wenzangu. Nilitaka kuambiwa nihamie kule. Bao nililichonga mimi. Upande ule mbovu ni kazi ya mikono yangu. Nikawa naenda kila Jumapili niliyopata nafasi. Na kila Jumapili Mzee alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Nyaboke, akanikalisha upande mzuri.

Walihamishwa wengi mbele ya macho yangu. Mwalimu mmoja kutoka Birongo alihamishwa. Muuza ndizi wa Nyaramba, aliyekuja mara ya kwanza kujikinga mvua, alihamishwa. Yule dereva wa lori niliyemtaja alihamishwa haraka hata sikuamini, na hapo ndipo uvumilivu wangu ulikatika. Nikasema kwa sauti, "Mimi ni Mkisii. Hapa ni Kisii. Inakuwaje ninyi mnaniita mgeni kwetu?"

Nilijua nimesema nini. Huku kwetu bado wapo wanaowaita watu wa mtaa ule wa msikiti wageni, hata mtu ambaye babu yake amezikwa hapa. Kombo akauma uzi, akasema bila hasira, "Kisii ni kwenu, Makori. Sisi hatukatai. Baraza ndiyo kwetu."

Mzee Twalibu akaniita ndani ya duka siku hiyo. Nilidhani ananifukuza. Akanipimia bizari ya kumpelekea Nyaboke, akanikabidhi, akasema, "Bado, Makori. Bado unaitafuta nyumba kwa macho. Nakuona hata ukikaa upande mzuri, unahesabu kwa midomo." Ilikuwa kweli. Nahesabu kwa midomo mpaka leo nikipanda ngazi.

Nilijifunza nyumbani. Nilichora bao sakafuni kwa chaki, nikakaa upande mbovu, nikacheza na Nyaboke. Alijifunza bao la safu nne kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia kumweleza, akaanza kunifunga na kwenye hilo pia. Lakini mkono wangu ulianza kujua. Ulianza kwenda kwenye shimo la tano wenyewe, hata nikiwa nawaza habari za ng'ombe. Nikatamani Mzee aone. Kila Jumapili nikafikiri ni leo.

Mzee Twalibu alituacha msimu wa mvua uliopita. Alifariki Jumamosi alfajiri, na wenzetu huzika siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa kanisani, simu imezimwa. Nilipoiwasha jioni zikaingia habari zote kwa mpigo, alipougua, alipofariki, alipozikwa. Nililia nikiwa nimesimama kwenye zizi, na Nyaboke akaja akasimama na mimi. Kesho yake nikaenda. Sikujua hata nijiweke wapi, nikakaa ukutani na watu wa mbali.

Hitima ilipopita, wazee walirudi barazani lakini hakuna aliyecheza. Bao lilikuwa limefunikwa gunia. Mwanaisha sasa ndiye mwenye duka, mwanamke mzima mwenye miwani, na nilisikia watu wakimshauri aweke pale kibanda cha kuuza simu na kutuma pesa. Aliwasikiliza huku akipima pilipili. Kombo macho yamepungua, uzi anatungiwa na wengine. Ilikuwa kama zile wiki za mchwa, siku watano, siku watatu. Niliogopa. Niliogopa kwamba nitafika Jumapili moja nikute kaunta ya vioo, na bao langu limewekwa kuzuia mlango.

Basi Jumapili ya juzi nikamkuta mzee mmoja mgeni kutoka Mombasa, binamu wa marehemu, ambaye alichelewa msiba kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa amekunjua gunia mwenyewe na anapapasa jiwe. "Kwani hapa hawachezi?" akauliza. Watu wakatazama chini. Mwanaisha akatoka na kikombe cha chai, akamwekea mgeni upande mzuri. Mgeni akakaa. Upande ule wa pili ukabaki wazi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa alipokaa Mzee. Yule mwalimu wa Birongo akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Dereva akatazama lori lake.

"Mzee Makori," Mwanaisha akasema, "hamia kule."

Nikatazama nyuma kama kuna Makori mwingine. "Mimi? Mwanangu, mimi hapa hakuna ambaye hajanifunga."

"Mgeni anangoja," akasema. "Chai yake inapoa."

Kombo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Nenda, bwana. Huo upande umetusumbua nao miaka yote. Leo ukalie mwenyewe."

Nikazunguka bao. Vijana, jiwe lile nililichimba kila shimo, nililibeba, nililiziba kwa gundi, na miaka yote hiyo sikuwahi kulitazama kutoka huko. Nikakaa. Niliuona mraba ukinitazama, umenyooka, umechimbwa vizuri, mahali pasipo pake. Nikachukua kete, na kabla midomo haijaanza kuhesabu, mkono ukawa umeshapita ule mraba na kuzitia kwenye shimo la jirani yake, la tano, la mviringo. Nikamtafuta Mzee Twalibu nimwonyeshe. Nilisahau, kwa pumzi moja tu.

Mgeni alikuwa ananiangalia mkono. Akainama, akahesabu mashimo ya upande wangu, akahesabu ya kwake, akakunja uso. "Nyumba ya huku imekosewa," akasema. "Aliyelichonga bao hili alikuwa amelewa?"

Baraza yote ikanigeukia. Nikafungua mdomo, lakini Kombo alikuwa ameshaniwahi.

"Hapana," akasema. "Wakati huo alikuwa bado mgeni."

Mzee wa Mombasa alinifunga kabla chai yake haijapoa. Nikainuka, nikaingia dukani, nikajichotea sukari.